Feni ya friji ikianza kukwama: namna ya kuiongezea siku bila kuhatarisha nyumba

Ukitoka mjini Kasese, ukapinda pale Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, utaona friji za soda zenye mlango wa kioo kwenye maduka mengi ya kando ya barabara. Huku chini ya milima ya Rwenzori jua ni kali, mchana joto hufika nyuzi 30, na mtu aliyevuka daraja kutoka Kasindi akiwa na mzigo kichwani hataki soda ya moto.

Sasa tuseme ni asubuhi ya siku ya soko. Mama mwenye duka anafungua friji yake. Taa inawaka, mashine inanguruma nyuma, lakini chupa ni vuguvugu. Jirani anamwambia friji imekufa, auze vyuma. Mara nyingi jirani amekosea. Friji haijafa. Kilichochoka ni mota ndogo, inayoenea kwenye kiganja, ambayo kazi yake ni kuzungusha feni.

Makala hii inaeleza namna ya kuirudishia nguvu mota hiyo kwa muda, iwe ya friji, ya feni ya mezani, au ya feni ndogo ya sola kama zile zinazotumika kwenye makazi ya wakimbizi. Shika neno moja tangu mwanzo: usafi na mafuta huongeza siku, haviponyi. Mota uliyoifufua ni mgonjwa aliyeruhusiwa kutembea. Usimwache peke yake usiku.

Feni ina kazi gani kwenye friji?

Si kila friji ina feni. Friji ndogo ya mlango mmoja, ile inayoganda barafu kwenye kuta za ndani, kwa kawaida haina. Friji ya soda ya mlango wa kioo huwa na feni mbili. Moja iko ndani, inasambaza baridi kwenye chupa zote. Nyingine iko chini au nyuma, karibu na kompresa, inapuliza joto litoke. Friji za nyumbani zisizoganda barafu pia zina feni ndani ya sehemu ya kugandishia.

Feni ya ndani ikikwama, baridi inabaki sehemu moja: juu kunaganda, chini maziwa yanachacha. Feni ya nyuma ikikwama, kompresa inapata joto kupita kiasi, inajizima, inapoa, inawaka tena, inajizima tena. Ukiacha hivyo kwa wiki kadhaa, kompresa yenyewe inaweza kuungua, na bei ya kompresa hailingani kabisa na bei ya kimota cha feni. Ndiyo maana feni inayokwama si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kabla ya kulaumu mota

Angalia kwanza mambo manne ambayo hayahitaji bisibisi.

Kwanza, vumbi. Chomoa friji, kisha tazama nyuma au chini. Wavu wa mabomba ukiwa umefunikwa na vumbi kama blanketi, feni haiwezi kupitisha hewa hata kama ni mpya. Safisha kwa brashi laini. Magari ya mizigo yanayokwenda mpakani hutimua vumbi jingi, kwa hiyo duka la kando ya barabara linahitaji usafi huu kila mwezi.

Pili, barafu. Feni ya ndani inaweza kuwa imebanwa na barafu tu. Chomoa friji, toa vitu, acha mlango wazi kwa saa kadhaa, na uweke vitambaa chini vinyonye maji. Usichokoe barafu kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi inatoka na friji imekwisha. Tena friji nyingi mpya zina gesi inayowaka moto. Kibandiko chake kimeandikwa R600a. Usikaribishe mshumaa wala jiko.

Tatu, umeme dhaifu. Kama umevuta umeme kutoka kwa jirani kwa waya mrefu na mwembamba, nguvu inapotea njiani. Jioni, wakati kila mtu amewasha vyombo vyake, hali inazidi. Mota inayopata umeme dhaifu huvuma bila kuzunguka. Ikiwa feni inakwama saa mbili usiku lakini inazunguka vizuri alfajiri, ugonjwa uko kwenye waya. Toa taarifa kwa kampuni inayokuletea umeme, au badilisha waya uwe mnene.

Nne, plagi. Wengi waliotoka Kongo wamekuja na vyombo vyenye pini mbili za mviringo. Soketi za Uganda ni za pini tatu za mstatili. Mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu na kulazimisha pini mbili ziingie. Zinaingia, lakini hazishiki vizuri; zinatoa cheche na kuyeyusha soketi. Nunua plagi ya pini tatu na umwambie fundi aifunge. Faida yake nyingine ni kwamba ndani ya plagi hiyo kuna fusi. Kwa feni, weka fusi ya ampea 3 badala ya ile ya 13 inayokuja na plagi. Mota ikileta hitilafu kubwa, fusi ndogo inakatika mapema.

Mota huchoka vipi?

Ndani ya mota kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na katikati kuna chuma kinachozunguka kwenye shafti. Shafti imeshikwa na bushi mbili, moja mbele na moja nyuma. Kila bushi imezungukwa na kitambaa kizito kilicholowa mafuta tangu kiwandani. Mwaka hadi mwaka mafuta hayo yanakauka, yanachanganyika na vumbi, na kuwa gundi. Shafti iliyokuwa inateleza sasa inasuguana.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mota ya feni hupozwa na upepo wake mwenyewe. Ikikwama huku umeme unaingia, upepo hakuna, na umeme wote unageuka joto kwenye waya wa shaba. Waya huo umepakwa vanishi nyembamba. Vanishi ikiungua, waya hugusana, na hapo moshi unaanza. Kwa hiyo feni inayovuma bila kuzunguka ni ya hatari kuliko feni iliyo kimya kabisa. Ukisikia mvumo huo, chomoa papo hapo.

Jaribio la mkono

Chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Subiri dakika chache. Kisha zungusha feni kwa kidole, taratibu.

- Ikiwa ni nzito, inasimama mara tu unapoondoa kidole, mafuta yamekauka. Huyu ndiye mgonjwa anayefaa kufufuliwa.
- Ikiwa inazunguka yenyewe mara kadhaa kwa wepesi, lakini ukiwasha inavuma tu, na ni feni ya mezani au ya dari, shuku kapasita. Hicho ni kijisanduku kidogo cheusi au cheupe chenye waya mbili. Mafuta hayatasaidia, kapasita hubadilishwa. Mota nyingi ndogo za feni za friji hazina kapasita, kwa hiyo kwao hesabu ni nyingine.
- Ikiwa shafti inacheza kushoto na kulia unapoisukuma, bushi imelika. Mafuta yatakupa siku chache. Anza kutafuta mota nyingine leo. Kucheza kidogo mbele na nyuma si tatizo, imeundwa hivyo.
- Ikiwa hakuna mvumo wala mtetemo, na umehakikisha umeme unafika, waya wa ndani umekatika au fusi ya joto imeungua. Peleka kwa fundi.
- Ikiwa inanuka kuungua, au shaba ndani imekuwa nyeusi, usiendelee. Mota hiyo haifufuki.

Hatua za kuifufua

Unahitaji bisibisi, brashi ya rangi au ya meno, kitambaa safi, na mafuta ya cherehani. Mafuta hayo hayako mbali: kila kituo cha biashara kina fundi wa kushona, na matone machache hatakunyima.

1. Hakikisha umechomoa. Weka plagi mahali unapoiona, ili mtoto asije kuichomeka ukiwa umeshika waya.

2. Toa wavu na panga za feni. Kwenye feni nyingi za mezani, kifungo cha plastiki kinachoshika panga kinafunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume cha desturi. Watu wengi hukivunja kwa sababu hawakujua. Kwa friji, piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.

3. Safisha. Mara nyingi utakuta nyuzi na nywele zimejisokota kwenye shafti. Zikate na kuzitoa zote. Piga brashi kwenye matundu ya mota, lakini usichokonoe waya wa shaba. Usioshe mota kwa maji.

4. Ondoa gundi ya zamani. Lowanisha kitambaa kidogo kwa mafuta ya taa, futa shafti inapoingia kwenye bushi, huku ukiizungusha na kuisukuma mbele na nyuma. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, kisha acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Petroli usitumie hata kidogo. Mvuke wake huwaka kwa cheche moja.

5. Tia mafuta. Tone mbili au tatu mbele, tone mbili au tatu nyuma. Bushi ya nyuma ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo sababu feni nyingi hukwama tena baada ya siku mbili. Zungusha kwa mkono mara 30 au 40. Subiri dakika kumi mafuta yaingie kwenye kitambaa cha ndani, kisha ongeza tone moja kila upande. Futa yaliyozidi. Mafuta mengi hayasaidii. Yanavuta vumbi na kurudisha gundi.

6. Rudisha panga na wavu. Zungusha tena kwa mkono. Sasa inatakiwa iendelee kidogo yenyewe baada ya kuiachia. Ikibaki nzito kama mwanzo, usiwashe. Rudia hatua ya nne.

7. Washa kwenye kasi ya juu kabisa. Watu hufikiri namba 1 ni ya huruma kwa mota dhaifu. Ni kinyume. Kasi ya chini inampa mota nguvu ndogo ya kuanza, anashindwa kuondoka, anakaa anachemka. Ikishaondoka vizuri, unaweza kupunguza.

Mafuta gani yafaa, gani hayafai?

Mafuta ya cherehani ni mepesi na safi, hayo ndiyo ya kwanza. Oili ya injini ambayo haijatumika inaweza kusaidia kwenye feni kubwa kama hakuna kingine. Oili nyeusi iliyotolewa kwenye pikipiki usitumie: ina vumbi la chuma linalokwangua bushi.

Mafuta ya kupikia hayafai. Siku ya kwanza feni itazunguka kama mpya, lakini kwa joto la mota mafuta hayo yanageuka gundi mbaya kuliko ile ya kwanza. Vaselini na grisi nzito haziingii kwenye kitambaa cha bushi. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu inayeyusha gundi vizuri, ila hukauka upesi. Ukiitumia, malizia kwa mafuta ya cherehani.

Feni za sola

Feni za volti 12 zinazotumia betri ya sola ni salama zaidi kwa mkono, lakini nazo hukwama. Anza na betri: ikiwa imeisha, feni yoyote itaonekana mbovu. Kisha hakikisha waya mwekundu uko kwenye chanya. Ukigeuza, nyingi hazitazunguka na nyingine zitaharibika.

Zile ndogo za mraba, zinazofanana na feni za kompyuta, zina kibandiko cha duara katikati upande wa nyuma. Kibandue polepole. Chini yake utaona ncha ya shafti. Wakati mwingine kuna kifuniko kidogo cha plastiki cha kutoa kwanza. Weka tone moja la mafuta, zungusha, rudisha kibandiko, na ukibane kwa gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie.

Kama una feni ya umeme wa kawaida unayoitumia kwa inveta ya bei nafuu kutoka kwenye betri, na inavuma sana na kupata joto, huenda mota ni nzima. Inveta nyingi za namna hiyo hutoa umeme usio laini, na mota haziupendi. Ijaribu kwenye umeme wa gridi kabla ya kuifungua.

Baada ya kuwasha: nusu saa ya kwanza

Kaa nayo dakika 30. Sikiliza na unuse. Kisha chomoa, weka kiganja juu ya mota. Joto la kawaida ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo kwa sekunde tano, mota haifai kutumika. Ikipita jaribio hilo, iangalie tena baada ya saa mbili, na kila siku kwa wiki ya kwanza.

Feni ya mezani uliyoifufua usiiache ikizunguka mkiwa mmelala. Nyumba nyingi kwenye makazi zimeezekwa kwa turubai au nyasi, na watoto hulala ndani ya chandarua. Chandarua kikivutwa na panga, feni inakwama, joto linapanda, na kitambaa kiko pale pale. Weka feni hatua mbili kutoka kwenye chandarua, pazia na turubai, hata mchana.

Kwa friji ambayo feni yake ya nyuma imekataa kabisa, kuna njia ya kuvusha siku: safisha mabomba, isogeze friji mbali kidogo na ukuta, kisha elekeza feni ya mezani iliyo nzima ipulize kwenye kompresa na mabomba. Inalinda kompresa mpaka upate mota. Usiku, kama hakuna wa kuangalia, izime.

Usiunganishe fusi ya joto moja kwa moja

Ndani ya mota nyingi kuna fusi ndogo ya joto, imefichwa kwenye waya wa shaba. Mota ikichemka kupita kiasi, fusi hiyo inakatika mara moja na kuzima kila kitu. Baadhi ya mafundi huiruka: wanaunganisha waya mbili bila fusi, feni inazunguka, mteja anashukuru. Lakini kilichokuwa kinazuia moto kimeondolewa. Siku mota ikikwama tena, hakuna kitakachoizima. Muulize fundi waziwazi: fusi ya joto umeweka mpya? Kama jibu ni "haina haja", chukua mota yako.

Friji ikisimama, chakula na dawa vipi?

Usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne. Sehemu ya kugandishia iliyojaa hushika zaidi. Nyama, samaki na maziwa ndivyo vya kuondoa kwanza: vipike, chemsha maziwa, au gawana na jirani mwenye friji nzima. Chakula kilichokaa na joto muda mrefu kisiuzwe, hata kama hakinuki.

Ikiwa nyumbani kuna mtu anayetumia insulini, usingoje feni itengenezwe. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na zisigande. Zipeleke mapema kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Bwera au Kagando kama uko upande huo, uombe ushauri wa kuzihifadhi. Chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye maji hupunguza joto kwa chupa inayotumika, lakini hakifikii baridi ya friji.

Ukienda kununua mota

Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha mambo matano: volti (220 hadi 240), wati, unene wa shafti, matundu ya skrubu, na upande inakozungukia. Mota inayozunguka kinyume itapuliza hewa upande usiofaa, na utadhani umeuziwa mbovu. Kwa kapasita, soma namba zilizoandikwa. Ile ya mikrofaradi iwe sawasawa na ya zamani. Ile ya volti iwe sawa au zaidi, isipungue.

Ukinunua mota iliyotumika, muombe muuzaji aiwashe mbele yako kwa dakika kumi, kisha uguse. Patana bei na fundi kabla hajafungua chombo, na umwambie akurudishie kifaa cha zamani. Fundi mwema hakasiriki kwa ombi hilo.

Kwa ufupi

Chomoa kwanza. Angalia vumbi, barafu, waya na plagi. Zungusha kwa mkono: nzito ni mafuta, nyepesi ni kapasita au waya, inayonuka ni ya kuacha. Safisha, tia matone machache mbele na nyuma, washa kasi ya juu, kaa nayo nusu saa. Kisha, wakati inazunguka, anza kuweka akiba ya mota mpya. Siku au wiki ulizozipata ni za kutafutia hiyo, si za kusahau.